Kupima maagizo ya mashine pepe kwenye blokucheni: maana yake

Ethereum ni mtandao wa blokucheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Mashine pepe yake, maarufu kama EVM, ni programu inayoendeshwa na kila nodi (kompyuta ya mtandao) ili kutekeleza mikataba mahiri, yaani programu zilizowekwa kwenye blokucheni. EVM haielewi Solidity, lugha ambayo mikataba hiyo huandikwa. Inachokielewa ni maagizo ya baiti moja moja: 01 jumlisha, 43 leta namba ya bloku (fungu la miamala), 5f weka sifuri. Mitandao mingine, ikiwemo Base na Arbitrum, hujinadi kuwa inaendana na EVM. Kupima maagizo ni kulihakiki dai hilo: agizo lilelile linapelekwa kila mtandao, kisha majibu yanalinganishwa.

Tuseme kijana wa Mtwara anaiandikia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Tandahimba mkataba wa mnada wa korosho ghafi, zabuni zifungwe baada ya bloku 300. Ethereum hutoa bloku kila sekunde 12, kwa hiyo wanunuzi wana saa nzima. Mkataba huohuo ukihamia Base, ambako bloku hutoka kila sekunde 2, mnada unafungwa kwa dakika 10. Kwenye Arbitrum, 43 hurudisha namba inayokaribia ile ya Ethereum, si ya bloku za Arbitrum yenyewe. Kote huko programu haisemi kuna kosa. Mkulima ndiye atakayeiona bei imeshuka.

Agizo likikosekana kabisa, hilo wala halinipi shida. 5f lilikuja Aprili 2023, toleo la Solidity 0.8.20 likaanza kulitumia yenyewe, na mikataba ikagoma kwenye mitandao ambayo ilikuwa haijalipokea. Unajua siku hiyohiyo. Balaa ni agizo linalojibu, ila jibu ni lingine: 44 kwenye Ethereum sasa huleta namba ya kubahatisha, Arbitrum huleta 1 kila mara. Chezesha bahati nasibu kwa namba hiyo uone.

Kupima kwenyewe si kazi ya kutisha. Chukua baiti hizi tisa: 4360005260206000f3. Maana yake: leta namba ya bloku, iweke kwenye kumbukumbu, rudisha baiti 32. Zitume kwa nodi kama ombi la kusoma tu, bila anwani ya mpokeaji, hulipi gesi, yaani ada ya kutekeleza maagizo. Badilisha 43 iwe 44, tuma tena, hamia mtandao wa pili.

Na urudie kila mtandao unapoboreshwa. Agizo ff lilikuwa likifuta mkataba. Tangu Machi 2024, kwenye Ethereum huhamisha salio tu, labda mkataba uwe umeundwa ndani ya muamala huohuo.