Mfumo wa namba wa ishirini: pale ambapo kupima 7 (kujua kama namba inagawanyika kwa 7) kunakuwa kazi rahisi

Wengi wanaotuuliza idarani kuhusu mifumo ya namba wanaujua ule wa mbili sababu ya kompyuta, ila wa ishirini wanausikia kwa mbali tu, wakati Wamaya walipiga hesabu nao karne nyingi, tena na alama yao ya sifuri kabisa.

Utaratibu ni uleule. Badala ya mamoja, makumi na mamia, nafasi zinakuwa za 1, za 20, za 400, alafu za 8,000, na kila nafasi inabeba tarakimu kuanzia 0 mpaka 19. Kuanzia kumi kwenda juu wengi wanaandika herufi A mpaka J, mimi hapa natumia kistari mana I na 1 zinachanganya macho. Kwaiyo 1,954 inakuwa 4-17-14, yani 400 mara nne ni 1,600, 20 mara kumi na saba ni 340, na 14 juu yake.

Sasa namba yenyewe haijabadilika jamani, kama ni tasa ni tasa, kama ni witiri ni witiri, iandike kwa mfumo wowote unaotaka. Kinachobadilika ni kile unachokiona kwa macho kabla hujagawanya chochote.

Tarakimu ya mwisho peke yake inakuambia kama namba inagawanyika kwa 2, 4, 5, 10 au 20 (kwenye mfumo wa kumi hiyo 4 inakudai tarakimu mbili). Namba mraba zote zinaishia na 0, 1, 4, 5, 9 au 16, basi, ukiona imeishia na 7 usihangaike kutafuta kipeuo kamili.

Ila utamu wenyewe uko kwa majirani wa 20. Mnakumbuka ile ya kujumlisha tarakimu ili kupima 9? Inafanya kazi kwa sababu 9 iko moja chini ya 10. Hapa aliye moja chini ni 19, na 20 ukiigawa kwa 19 inabaki 1, 400 hivohivo, 8,000 hivohivo, kwaiyo jumla ya tarakimu inapima 19. Jirani wa juu ni 21, ambayo ni 3 mara 7, na yeye anapimwa kwa kutoa na kujumlisha kwa zamu ukianzia kulia.

Chukua 6,783, huku ni 16-19-3. Jumlisha: 38, ambayo ni 19 mara mbili, kwaiyo inagawanyika kwa 19. Sasa kwa zamu: 3 toa 19 jumlisha 16, unapata 0, kwaiyo inagawanyika kwa 21, na maana yake kwa 3 na kwa 7 pia. Ile 4-17-14 yetu inatoa 14 toa 17 jumlisha 4, sawa na 1, na kweli ukigawa 1,954 kwa 7 inabaki 1. Kwenye mfumo wa kumi njia za kupima 7 zipo ila zote zinazunguka sana, mi binafsi huwa naona bora nigawanye tu.

Hasara nazo zipo. Kupima 9 kunakuwa kugumu, na jedwali la kuzidisha la kukariri, ukiacha sifuri, linatoka vijumba 81 linafika 361.