Kabla ya kununua dawa ya minyoo ya kuku, mjue mdudu

“Dokta, nina kuku kumi na wanne, nipe dawa ya minyoo.” Ombi la namna hii nalipokea karibu kila juma hapa Moshi, na kabla sijagusa rafu huwa nauliza maswali. Umeona nini kwenye kinyesi? Wanalala wapi? Kuna anayeharisha? Wangapi wanataga? Mama mmoja wa Uru aliwahi kuniambia waziwazi kwamba duka jingine humpa chupa bila mahojiano, na alisema kweli. Alikwishapewa chupa hiyo mara mbili. Ilikuwa piperazini, dawa nzuri kwa kazi yake, ila kuku wake walikuwa na tegu, yaani mnyoo bapa. Piperazini haimuui tegu. Fedha zikaenda mara mbili, kuku wakaendelea kukonda, na yeye akaamini ameuziwa dawa feki.

Ndiyo maana nasema hakuna kitu kinachoitwa “dawa ya minyoo” tu. Kuna dawa ya mdudu fulani.

Tuanze na wa tumboni. Mkubwa wao ni mnyoo mviringo mweupe, Ascaridia, anayekaa utumbo mwembamba. Anaweza kufika sentimita kumi, na wakiwa wengi huziba utumbo wa kuku mchanga kama kamba iliyosokotwa. Huyu piperazini inamtoa, lakini inawatoa wakubwa zaidi kuliko wachanga waliojificha kwenye ukuta wa utumbo. Inawalegeza tu, kisha kuku anawatoa na kinyesi wakiwa bado wanajinyonganyonga. Wachanga waliobaki wanakua, na baada ya wiki tano hadi nane tangu kuku ameze mayai ya mnyoo, minyoo wapya nao wanataga. Kwa hiyo dozi moja ya piperazini mwaka mzima haitoshi.

Yupo mdogo, Heterakis, wa sentimita moja hivi, anayekaa kwenye vile vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo. Kuku humvumilia. Tatizo ni kwamba mayai yake hubeba kijidudu cha ugonjwa unaoua bata mzinga. Mwenye bata mzinga na kuku kwenye uwanja mmoja asimpuuze.

Na yupo tegu. Kwenye kinyesi utaona vipande vyeupe bapa kama punje za wali, vingine vikisogea. Kuku hampati tegu kwa kula kinyesi cha mwenzake moja kwa moja, humpata kwa kula sisimizi, mbawakawa au konokono waliokwishambeba. Sasa fikiria kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, cha Kibosho au Marangu: migomba, samadi ya ng'ombe, majani yaliyooza, unyevu mwaka mzima. Kuku anayechakura pale anakula mbawakawa tangu asubuhi hadi jioni. Huyu anahitaji prazikwanteli, au dawa za jamii ya fenbendazoli na albendazoli kwa kipimo ambacho kwa kawaida ni kikubwa kuliko cha minyoo mviringo. Kisha lundo la samadi lisogezwe mbali na banda, la sivyo utamtibu mwezi huu na mwezi ujao utamkuta na tegu wengine.

Kuna kosa moja linaloniumiza zaidi kwa sababu linaua haraka. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanajikunyata, mbawa zimening'inia, kinyesi kina damu. Mfugaji anakimbilia dawa ya minyoo. Ule si mnyoo, ni koksidia, kijidudu kisichoonekana kwa macho, na hakuna dawa ya minyoo inayomgusa. Hapo panatakiwa amproliamu au dawa nyingine ya koksidia, siku hiyohiyo, na matandazo makavu. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 ili kijidudu kikose chakula, kwa hiyo siku za tiba usiwachanganyie vifaranga vitamini za kundi B. Nimeona watu wakichanganya vyote kwenye ndoo moja kwa nia njema kabisa.

Ukitaka kujua badala ya kukisia, kuna njia mbili. Kuku akifa, apasuliwe akiwa bado mbichi, maana utumbo ukifunguliwa kwa mkasi unasema kila kitu. Au chukua kinyesi kibichi cha asubuhi kutoka sehemu tano sita, weka kwenye kichupa safi chenye mfuniko, kisipigwe jua. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ipo Arusha, na wataalamu wengi wenye hadubini hapa Moshi wanaweza kuhesabu mayai ya minyoo.

Wadudu wa nje nao wana mambo yao. Chawa hukaa kwenye mwili wa kuku, hasa chini ya mkundu na chini ya mbawa, kwa hiyo dawa inapakwa kuku mwenyewe. Utitiri mwekundu hunyonya usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za mbao. Ukimkagua kuku saa nne asubuhi utasema hana kitu. Nenda bandani usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia, uone kama kitatoka na madoa ya damu. Huyu anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na papasi, kupe laini wa bandani, anakaa hata zaidi, ndiyo sababu banda lililoachwa wazi toka mwaka jana linaweza kuwadhuru kuku wapya. Tibu banda: toa kuku wote, fagia, choma takataka, nyunyizia nyufa, rudia baada ya wiki moja kwa sababu mayai hayakufa.

Viroboto wale wanaong'ang'ania kuzunguka macho na kwenye upanga nawaona zaidi huku chini penye vumbi, Pasua na kuelekea Himo, kuliko huko juu milimani. Usiwang'oe kwa kucha, wapake mafuta ya mgando wakose hewa. Kisha shughulikia udongo wa bandani, maana mayai yao yamedondoka pale. Magaga ya miguu, yanayoletwa na utitiri wa aina nyingine, yanataka subira: osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, paka mafuta mazito, rudia kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa yanachoma ngozi. Naomba sana yaachwe.

Sasa kwenye kununua. Usisome kwanza lile jina kubwa la rangi lililo mbele ya chupa, soma jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, na asilimia yake. Albendazoli ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10 zinaweza kukaa rafu moja, zote nyeupe, zote kwenye chupa zinazofanana. Ya kwanza ina miligramu 25 kwa kila mililita, ya pili 100. Mtaalamu akikupangia miligramu 10 kwa kilo, kuku wa kilo mbili anahitaji miligramu 20: hizo ni mililita 0.8 za chupa ya kwanza, lakini ni mililita 0.2 tu za chupa ya pili. Jirani akikwambia “mimi nawapa nusu kifuniko”, hajakwambia chochote. Pima kuku kwa mizani, hata ile ya kamba ya dukani, na tumia bomba la sindano bila sindano.

Angalia pia kama kuku ameandikwa kwenye kibandiko. Dawa nyingi za ng'ombe zinazotumiwa kwa kuku mitaani zina levamisoli iliyochanganywa na oksiklozanaidi, ambayo ni ya minyoo ya ini. Kuku wako hana shida hiyo, kwa nini umbebeshe? Ivamektini ya sindano ya ng'ombe naipinga kabisa kwa kuku wa mayai. Mabaki yake huingia kwenye yai, na yai hilo analila mtoto wako. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na kama kibandiko hakikutaja mayai, usidhani maana yake ni sifuri. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya, Uholanzi na Ubelgiji zikiwa katikati ya mkasa, kwa sababu mabanda yalipuliziwa dawa ya wadudu iitwayo fiproneli dhidi ya utitiri. Wale walikuwa na wakaguzi na maabara. Sisi yai linatoka kiotani kwenda kwenye kikaango.

Nunua duka lenye cheti ukutani na mtu anayejibu maswali. Dawa za mifugo husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na orodha iko kwenye tovuti yao. Dawa iliyovuka mpaka wa Kenya kupitia Holili au Namanga inaweza kuwa nzuri huko ilikotoka, ila kama haimo kwenye orodha yetu hakuna aliyeikagua kwa ajili yako. Chupa iwe na lakiri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Iliyoshinda juani mnadani iache. Unga usio na jina kwenye mfuko wa nailoni uache pia: mara nyingi ni kiuatilifu cha nyanya, na ruhusa ya kukitumia shambani si ruhusa ya kumpaka kuku.

Huwa naulizwa kuhusu mwarobaini na majivu. Majivu makavu kwenye shimo la kuogea vumbi nayaunga mkono, yanapunguza chawa. Mwarobaini wa kunywesha siupingi kama nyongeza, lakini kuku aliyekwisha konda kwa minyoo usimsubirishe nao.

Kuna jambo la maji ambalo vitabu havilisemi sana. Dawa ya kuchanganya kwenye maji inadai kuku awe na kiu na asiwe na pengine pa kunywa. Huku kwetu mfereji unapita katikati ya kihamba. Unawanyima maji usiku, unaweka ndoo ya dawa alfajiri, unafungua banda, na wote wanakwenda mfereji. Wafungie ndani hadi wamalize, au mpe kila mmoja mdomoni. Kwa kuku kumi na wanne ni kazi ya nusu saa jioni wakiwa wametulia kwenye fito.

Yule mama wa Uru tatizo lake la mwisho lilikuwa ujazo: pakiti iliyofungwa ilimzidi, na dukani walitaka kumpimia kwenye chupa ya soda, bila jina wala tarehe. Akawaita majirani wanne. Wakachanga, wakanunua pakiti moja yenye lakiri, wakatibu kuku wote jioni moja, kwa kuwa kuku hao hushinda pamoja kwenye migomba ileile na kumtibu wa nyumba moja tu kungekuwa bure. Wiki mbili baadaye wakachanja dhidi ya ugonjwa wa kideri, kuku wakiwa na nguvu ya kupokea chanjo. Sasa hufanya hivyo kabla ya masika na tena mvua zikishapita, na yeye ndiye hunipigia kuuliza asilimia kabla ya kulipa.