Jinsi Kasi ya Gari Inavyokokotolewa Baada ya Ajali

Malalamiko ya madereva na wenye matatu wa Mombasa kwamba wakaguzi wa ajali hubuni kasi wanayoiandika kwenye ripoti yamezidi, na yanahitaji kujibiwa kwa uwazi. Kasi haibuniwi. Hukokotolewa kutokana na alama za matairi na uzani wa magari yaliyogongana.

Chukulia kwamba matatu ya kilo 2,500 pamoja na abiria wake imeligonga kwa nyuma gari dogo la kilo 1,250 lililosimama kwenye foleni ya Kibarani, kisha magari hayo yakaburutana mita 10 yakiwa yamenasana na breki zote zimeshika. Kiwango cha msuguano kwenye lami kavu ni takriban 0.7. Zidisha kiwango hicho kwa 2, kwa 9.81 ya mvutano wa dunia na kwa umbali huo, kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata mita 11.7 kwa sekunde, kasi ya magari yote mawili mara tu baada ya kugongana. Kwa kuwa momentamu, yaani uzani mara kasi, haipotei wakati wa mgongano, zidisha 11.7 kwa kilo 3,750 za magari yote mawili, kisha ugawe kwa kilo 2,500 za matatu: matatu ilikuwa kwenye mita 17.6 kwa sekunde, yaani kilomita 63 kwa saa, ilipogonga. Kama kabla ya hapo iliacha mita 8 za alama za breki, ilianza kufunga breki ikiwa kwenye takriban 74, ilhali dereva ameandikisha 50.

Lami iliyolowa hubadilisha hesabu. Mita 20 za alama kwenye lami kavu humaanisha takriban kilomita 60 kwa saa. Msuguano ukishuka hadi 0.4, ni 45 tu. Mkaguzi anapouliza mvua ilianza saa ngapi, basi, hapigi soga.

Sisi wakaguzi tumelieleza hili mara nyingi, na tunalirudia: gari lililobondeka zaidi si lazima liwe ndilo lenye makosa.

Kinachotukwamisha ni watu wenye nia njema wanaosukuma magari kando na kufagia vioo kabla ya polisi kupima. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza kusogeza gari baada ya ajali yenye kifo au madhara makubwa bila idhini ya polisi, isipokuwa kwa kadiri inayohitajika ili kuokoa watu, kuzuia moto au kuondoa kizuizi kwa umma. Ikilazimu, piga picha kwanza na uchore kwa chaki mahali pa kila gurudumu. Ajali isiyoripotiwa papo hapo iripotiwe kituoni ndani ya saa 24. Kungoja mwenye gari atoke safari si udhuru.

Ripoti ya mkaguzi haimtaji mwenye hatia, kwani hilo huamuliwa na mahakama. Asiyeridhika na kasi iliyoandikwa anaweza, kupitia wakili wake, kuomba mkaguzi aitwe kizimbani aeleze msuguano aliupima vipi, uzani aliutoa wapi, na umbali aliupima kutoka alama ipi hadi ipi.