Dakika tatu na sekunde tisa

Nusu marathoni ya Moshi niliitaka ndani ya saa 2. Nilivuka mstari kwa 2:03:09. Namba ilikuwa bado kifuani, na kundi letu la jogging la Dar lilishaanza kunipooza WhatsApp. Nia njema, sikatai. Ila mengi waliyoniandikia si kweli, na pole isiyo ya kweli haimalizi hata safari ya basi la kurudi nyumbani.

"Siku haikuwa yako tu, kaka"

Hii ndiyo tamu kuliko zote, nami niliishikilia hadi Korogwe. Hapo nikafungua saa kuangalia kilomita mojamoja.

Saa 2 kwa kilomita 21.1 ni wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Kilomita 5 za kwanza, barabara ikipanda kuelekea Mweka, mimi nilizimaliza kwa 27:05. Yaani 5:25 kila moja. Mlimani! Mtu ambaye mazoezi yake ni Daraja la Tanzanite, na mwinuko mkubwa anaoujua ni wa daraja lenyewe. Kilomita 4 za mwisho zilinichukua 26:24, sawa na 6:36 kila moja, na hizo ni za kuteremka.

Mwanzoni nilijipatia sekunde 80, mwishoni nikazilipa kwa dakika 3 na sekunde 40. Si bahati mbaya. Ukipanda kwa kasi inayokuzidi, misuli inakula akiba yake ya sukari mapema. Kisha mteremko unakuja kumalizia mapaja, maana kila hatua ya kushuka paja linafanya kazi ya breki huku linavutwa. Ngazi za nyumbani nilizishuka kinyumenyume hadi Jumatano.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo ilinituliza kuliko pole zote. Siku mbaya ningeifanya nini? Kilomita 5 za kwanza naweza kuzikimbia upya.

"Saa yangu inasema nimefika"

Haya ni ya jirani yangu, tunayekimbia naye. Alimaliza kwa 2:00:50, na saa yake ya GPS inaonesha wastani wa 5:40. Akahisi amedhulumiwa. "Njia ni ndefu, wametupiga!"

Hawajampiga. Saa yake inaonesha amekimbia kilomita 21.3. Njia inayopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikawa pungufu. Wewe unapita kona kwa nje, unazunguka watu, unakatisha barabara kufuata maji. Na GPS yenyewe ina makosa yake. Hizo mita 200 za ziada, kwa kasi yake, ni sekunde 68, na yeye alikosa kwa 50. Ndiyo maana anayetaka saa 2 hapangi 5:41. Anapanga 5:38, na kona anazibana.

Alipoelewa alicheka kwanza, halafu akatukana kidogo.

"Kumaliza ndiyo ushindi, muda ni namba tu"

Hapo Mtanzania lazima amtaje John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968: anaanguka, goti linaumia vibaya, anaingia uwanjani na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye wa mwisho. Kauli yake kwamba nchi haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza tunaijua tangu shule.

Tunachosahau ni kwamba mzee yule hakwenda Mexico kumaliza. Alikwenda kushindana. Mwaka 1970 alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashika nafasi ya 5 katika marathoni. Aliyeridhika na kumaliza tu asingekuwa pale. Kwa hiyo usimwambie mtu aliyeamka saa kumi na nusu alfajiri kwa miezi minne kwamba muda ni namba tu. Mwache anune siku mbili. Mimi nilinuna tatu, na mke wangu ni shahidi.

"Mazoezi yote yamekwenda bure"

Hapana. Moyo uliozoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja hausomi matokeo ya mbio. Wiki moja ya kupumzika hupunguza kidogo sana, kama inapunguza.

"Jilipizie wiki ijayo, hasira ikiwa moto"

Wanaosema hivi sasa wana mfano, na mfano wenyewe ni mzito. Tarehe 26 Juni 2025, jijini Paris, Faith Kipyegon wa Kenya alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alipata dakika 4 na sekunde 6 na ushee. Alikosa kwa sekunde zaidi ya 6, ambazo kwenye maili ni umbali wa kuonekana kwa macho. Ilikuwa kasi kuliko rekodi yake ya dunia ya 4:07.64, lakini haikuhesabika kwa sababu ya namna alivyosaidiwa na waweka kasi, yaani wakimbiaji waliomsaidia kushika mwendo, wakiwemo wanaume. Siku 9 baadaye, Eugene, Marekani, akakimbia mita 1,500 kwa 3:48.68. Rekodi ya dunia.

Safi. Ila maili ni kazi ya dakika nne, na aliyeifanya ni Kipyegon. Nusu marathoni inakuachia misuli iliyochanikachanika ndani, na hasira haiiungi. Angalia pia alirudi na nini: si maili ileile kwa nguvu zaidi, bali mbio anazozimudu kuliko mwanamke yeyote, kwa mwili ambao tayari ulikuwa umewiva.

Mimi nimejipa wiki mbili za kutembea na kukimbia kidogokidogo. Jumamosi ya tatu tunakwenda milima ya Pugu. Jirani ameapa kuzibana kona zote, hata zile za vumbi. Mimi nimeapa kwamba kwenye mlima wa kwanza atanipita, nami nitamwacha aende.