Kuungua kwa skrini ya simu: kivuli kinatoka wapi, na unaweza kufanya nini

Fungua picha ya kijivu tupu ijaze skrini nzima. Ukiona kwa mbali vitufe vya chini vya Android, alama ya betri au safu za herufi za kibodi zimebaki kama kivuli wakati hakuna programu yoyote inayozionyesha, skrini hiyo imeungua. Si moto uliopita hapo, wala si virusi. Piga picha ya skrini kwa simu hiyohiyo (screenshot), itume kwenye simu nyingine: huko kivuli hakitaonekana, kwa sababu kasoro iko kwenye kioo chenyewe, haimo ndani ya simu.

Sababu ni uchakavu usio sawa. Katika skrini za OLED, zikiwemo zile za AMOLED, kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, hutoa mwanga wake yenyewe kutoka kwenye utando mwembamba wa kemikali za kaboni. Kila saa inayowaka, nguvu yake hupungua kidogo. Kama skrini nzima ingechakaa kwa pamoja usingejua, ila pikseli zinazoonyesha saa na betri huwaka siku nzima palepale huku jirani zake wakibadilishana kazi na kupumzika. Ni kama pazia la dirishani: upande unaopigwa na jua hupauka, uliokunjwa hubaki na rangi yake, na mpaka kati ya pande hizo mbili ndio unaoonekana. Nukta za buluu huchoka mapema kuliko nyekundu na kijani, ndiyo maana kivuli mara nyingi huelekea rangi ya manjano.

Skrini za LCD ni jambo jingine. Taa iko nyuma, na kioo kinaachia au kinazuia mwanga tu. Zinaweza kushika kivuli cha picha iliyokaa muda mrefu, lakini kwa kawaida huondoka ukiizima simu kwa saa kadhaa. Wenye simu za kitochi hawana haja ya kusoma zaidi.

Anayepata shida hii haraka kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mwendesha boda wa Kampala. Simu imefungwa kwenye usukani tangu alfajiri, mwanga umepandishwa hadi mwisho kwa sababu kwenye jua la saa saba mchana Jinja Road huoni kitu bila hivyo. Ramani yenyewe inasogea, haina madhara makubwa. Kinachoumiza ni kile kisanduku cheupe cha chini chenye bei ya safari na kitufe cha kupokea abiria, ambacho hakihami. Hapo mambo matatu mabaya yanakutana: picha isiyosogea, mwanga wa juu na joto. Joto huharakisha uchakavu wa zile kemikali, na simu nyeusi iliyoachwa juani hupata moto kabla hata hujaigusa. Kwa watu hawa ushauri wangu ni huu: weka kikofia cha kuikinga simu na jua, na kwenye barabara ndefu iliyonyooka, zima skrini uiache sauti ikuongoze. Google Maps huendelea kusema hata skrini ikiwa imezimwa.

Kwa sisi wengine kinga ni rahisi. Acha simu ipange mwanga yenyewe, na skrini ijizime baada ya sekunde 30. Tumia mandhari meusi, kwani kwenye OLED pikseli nyeusi imezimwa kabisa. Ondoa vile vitufe vitatu vya chini, utumie kutelezesha kidole. Saa inayobaki kwenye skrini simu ikiwa imelala huhamishwa kidogo kidogo na simu yenyewe ili pikseli zigawane mzigo, lakini kama huihitaji, izime.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Mwaka 2017, wanunuzi wa Google Pixel 2 XL walipolalamika kwamba vitufe vya chini vinaacha kivuli, Google iliongeza dhamana hadi miaka 2 na kubadilisha programu ili vitufe hivyo vififie visipotumika. Mwaka huohuo Apple, ilipotoa iPhone X yenye OLED, ilieleza wazi kwamba mabadiliko ya namna hii ni tabia ya kawaida ya skrini hizo.

Na ikishaungua? Kuna video na programu zinazowasha nyekundu, kijani na buluu kwa zamu na kudai zinaponya. Kivuli cha muda zinaweza kukiondoa. Kwenye skrini iliyoungua kweli haziwezi kurudisha kemikali iliyokwisha. Zinachofanya ni kuzichosha pikseli ambazo bado ni nzima ili zifanane na zilizochakaa. Ukiiacha video hiyo usiku kucha kwa mwanga wote, unaila skrini yako mwenyewe. Na fundi anayetaka pesa ili "aisafishe", usimpe.

Ukinunua simu iliyotumika, kwenye maduka ya jengo la Mutaasa Kafeero hapo Kampala au popote pengine, usiridhike na picha ya maua yenye rangi nyingi uliyowekewa. Omba picha nyeupe, kijivu na nyekundu, shusha mwanga nusu, kagua juu kabisa na chini kabisa. Simu iliyokuwa ya maonyesho dukani ikaguliwe mara mbili, maana imewaka kutwa kwa picha ileile.

Dawa ya kweli ni kubadilisha kioo, na cha OLED ni ghali. Kinachouzwa kwa bei ya chini mara nyingi ni LCD ya kopi, kwa hiyo muulize fundi aina yake kabla hajaifungua simu, na kabla ya kulipa fungua picha nyeusi mahali penye giza: OLED itakuwa giza tupu, LCD itang'aa kijivu. Kama kivuli ni hafifu na hukioni isipokuwa ukikitafuta, sioni sababu ya kutumia pesa hizo. Shusha mwanga, ficha vitufe, endelea na simu yako.