Filimbi ya mbao ya mtindo wa kale ni nini?

Ni filimbi ya mbao inayotengenezwa leo kwa mkono, ikifuata umbo la filimbi za karne zilizopita bila kulazimika kuwa nakala kamili. Hapa Mombasa ukitaja ala ya mbao ya kupuliza, wengi huwaza nzumari ya harusini. Ni ala mbili mbali. Nzumari hulia kwa ulimi mwembamba unaotiwa mdomoni. Filimbi hii hushikwa kwa ubavu, na pumzi hukatwa na ukingo wa tundu la kupulizia.

Umbo linaloigwa sana lilitokea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17. Kabla ya hapo filimbi ya Ulaya ilikuwa bomba lililonyooka lenye matundu sita ya vidole. Mafundi wa zama zile, ukoo wa Hotteterre ukiwa ndio unaotajwa sana, waliigawa vipande vya kuunganisha, wakaongeza kibonyezo kimoja, na kubwa zaidi, wakabadili uwazi wa ndani: kichwa kikabaki kimenyooka, kiwiliwili kikawa chembamba kadiri kinavyoshuka.

Huo wembamba ndio roho ya ala yenyewe. Unayasogeza matundu karibu ili vidole vifike bila taabu, tena unazipatanisha sauti za chini na za juu. Fundi hukereza mbao kwa nje, lakini kazi nzito imo ndani. Huingiza chuma kirefu chenye makali na kilichochongoka, akakizungusha polepole, akapuliza, akasikiliza, akarudia tena. Kila tundu la kidole nalo hupanuliwa kwa chini kwa kijisu kidogo, huku kwa juu likibaki lilivyo. Unyoya mmoja wa mbao ukitoka, sauti hupanda. Anayenunua kwa kutazama urembo wa nje hajaiona filimbi bado.

Kinachobadilishwa mara nyingi ni kimo cha sauti. Nakala za filimbi za karne ya 18 siku hizi aghalabu hutengenezwa kwa A, ile sauti inayotumiwa kupatanishia ala, ya mitikisiko 415 kwa sekunde, nusu sauti (hatua moja ndogo ya kinanda) chini ya ile 440 ya kinanda cha kisasa. Ukiipeleka hiyo ya 415 kwenye kundi la taarab lenye kodiani, hamtaelewana, maana kodiani haishuki. Kwa hiyo fundi hufupisha kiwiliwili na kupanga matundu upya. Kwangu mimi huko si kuharibu urithi. Ni kuifanya filimbi iishi na watu.

Mwaka 1847 Theobald Boehm, fundi wa filimbi wa München, Ujerumani, alileta filimbi yenye kiwiliwili kilichonyooka, matundu makubwa na vibonyezo vingi, mama wa filimbi za chuma za okestra. Ilipata usawa wa sauti. Ile ya kale haina usawa huo: nusu sauti nyingi hupatikana kwa kuacha tundu la juu wazi na kuziba ya chini yake, nazo hutoka zimefifia kidogo, kama mtu anayesema kupitia buibui. Mimi naupenda mno ufifi huo, na wapo wengi wanaoitafuta filimbi hii kwa sababu hiyo tu.

Mbao mojawapo inayopendwa leo ni mpingo, uleule wa vinyago, mzito hata huzama majini. Lazima ukaushwe miaka kadhaa kabla ya kukerezwa. Hata hivyo filimbi mpya hupasuka kwa urahisi: pumzi huivimbisha kwa ndani huku nje kumekauka, hasa wakati wa kaskazi. Ipulizwe kwa muda mfupi kila siku majuma ya mwanzo, ifutwe kwa ndani, ipakwe mafuta ya lozi, na isiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Ukitaka kununua, muulize fundi: umefuata filimbi ya nani, ya zama zipi, na A yake ni ngapi? Kisha mwombe akupigie sauti ya chini kabisa, na ileile ya juu yake, usikilize kama zinapatana.