Acheni kupima amilesi kila asubuhi

Nimepigiwa simu tena usiku kuhusu mgonjwa wa kongosho lililovimba na amilesi yake, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu: “Daktari, yule wa kongosho amilesi imeshuka kutoka 2,100 hadi 600, tumtoe chumba cha uangalizi?” Nikauliza anakojoa kiasi gani. Kimya. Yurea je, ile taka ya damuni inayotolewa na figo? “Hatujarudia, ila amilesi tunapima kila siku.”

Jamani.

Amilesi na mwenzake lipesi ni za kutambua ugonjwa. Zikizidi mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida na maumivu ya tumbo yakiwa yale yenyewe ya kongosho, kazi yake imekwisha. Amilesi hushuka yenyewe baada ya siku chache, hata tishu za kongosho zikiwa zinakufa. Mwenye mafuta mengi ya trigliseridi damuni anaweza kuja na amilesi ya kawaida naye ni mahututi. Wa mawe ya nyongo anaweza kuwa na maelfu, na keshokutwa anaomba uji. Kishindo cha mlango kuvunjwa hakikuambii mwizi amebeba nini.

Cha kufuatilia ni maji. Kongosho likichochota, yaani likivimba, maji hutoka kwenye mishipa, damu inakuwa nzito, figo zinakosa haki yake. Ndiyo maana yurea ina maana kubwa kuliko bei yake. BUN, kipimo cha nitrojeni ya yurea damuni, ikizidi 20 mg/dL siku ya kulazwa, kisha ikapanda baada ya saa 24 ilhali dripu inakwenda, mimi silali. Kreatinini, taka nyingine inayotolewa na figo, ikivuka 1.8 mg/dL ndani ya saa 48, nawaza tishu zinazokufa.

Sasa hapa ndipo watu wananimaliza. BUN ni nitrojeni iliyomo kwenye yurea, si yurea yenyewe! BUN 20 ni yurea kama 43 mg/dL, au 7.1 mmol/L. Nimeona faili lenye “yurea 8” na maelezo “iko chini sana, tuko salama”. Ilikuwa mmol/L. Someni kizio kabla ya kusoma namba.

Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ikiwa zaidi ya asilimia 44 nayo huashiria damu nzito, lakini kikomo hicho hakimfai mama mwenye upungufu wa damu. Akipanda kutoka 29 hadi 36, kwangu huyo damu yake imeshakuwa nzito, ingawa hakuna kitabu kitakachokupa namba yake.

CRP, protini ya damuni inayopanda mwili ukiwa na uvimbe: zaidi ya 150 mg/L kwenye saa 48 ni onyo. Saa 48 tangu lini? Tangu maumivu yaanze, siyo tangu afike kwako. Mgonjwa aliyeanzia duka la dawa akapewa za vidonda vya tumbo, akaenda zahanati, kisha wilayani, ndipo rufaa, saa zake zimekwisha njiani. Tena CRP hupanda kwa nimonia pia. Kusema kweli, vipimo hivi vyote hunituliza vizuri zaidi vikiwa chini kuliko vinavyonionya vikiwa juu.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, husaidia kushuku maambukizi kwenye tishu zilizokufa. Ukiweza kuilipia.

Na yurea ikipanda, msimimine tu maji. Jaribio la WATERFALL, 2022, lilisimamishwa mapema: waliopewa maji kwa kasi walijaa maji mwilini mara nyingi zaidi, na ugonjwa haukupungua ukali. Sikiliza mapafu, pima mkojo kila saa, halafu ndipo uguse dripu.